Mgomba Ambao Haukuzikwa

Alhamisi asubuhi Inspekta Sella Shivachi alipanda ngazi za ghorofa za Soweto East, Kibera, magoti yakimlalamikia, faili kwapani, na kichwani swali lililomnyima usingizi wiki nzima. Ni mtu gani huyu anayepigwa risasi kutoka juu, na huko juu hakuna mtu?

Kama lingekuwa kitendawili cha watoto, angesema amekubali kushindwa, apewe jibu, alale. Lakini lilikuwa swali la watu wanne waliokufa.

Miaka mitatu nyuma, wachimbaji wa makaa ya mawe katika mgodi wa Ndiuni, huko Ukambani, waligoma kwa mara ya tatu. Mgomo wa kwanza ulikwisha kwa kumi na wawili kufukuzwa kazi. Katika wa pili walipigwa kwa rungu mpaka mmoja akapoteza jicho, na kampuni ikasema ni wao walioanza kwa kuwavamia askari wake. Wa tatu ulikuja baada ya dari ya mgodi kuwaangukia watu wawili, kwa sababu kampuni ilikataa kuleta nguzo za kushikilia mwamba. Waliomba nguzo, wakaletewa bunduki. Wakaanguka wanne. Wa tano, kiongozi wao, Nyongesa Walubengo wa Bungoma, hakuonekana tena, mzima wala maiti.

Daktari aliandika kwamba risasi zote ziliingilia begani karibu na shingo, zikateremka mwilini hadi kiunoni. Kampuni haikukosa la kusema. Askari wake walikuwa wamesimama uwanjani, tena mbali, kwa hiyo si wao. Aliyekuwa juu ni Nyongesa, juu ya paa la stoo ya baruti, na bunduki aliyompokonya askari. Alifyatua ovyo akawaua wenzake, kisha stoo ikamlipukia, ndiyo maana hata mfupa haukupatikana.

Kesho saa tatu asubuhi hakimu angefunga uchunguzi wa vifo hivyo. Asipoletewa shahidi aliyekuwa pale, angeandika jina la Nyongesa, na mama wanne wangerudi nyumbani wakijua kwamba aliyewaulia wana wao ni yule aliyekula nao. Sella alikuwa amebakisha miezi mitano astaafu. Alikuwa amewahi kufunga mafaili mabaya, lakini hili lilikuwa linamkaa kooni.

Nyuma yake Sajini Muchiri alipanda polepole, mtu mzima mwenye vidonda vya tumbo, na pakiti ya maziwa kwenye mfuko wa koti. Kwake safari hii ilikuwa ya kuaga tu. Wawaarifu mama na mke wa marehemu kwamba kesho ndiyo mwisho, basi.

Mlango ulifunguliwa na Annet, mke wa Nyongesa, sindano mdomoni na utepe wa kupimia shingoni. Alikuwa fundi wa nguo na cherehani yake ilikuwa imejaza nusu ya sebule. Kwenye kochi, mama mkwe wake, Nasike, alikuwa akichambua kunde, na mapajani mwake alikaa mtoto wa kiume aliyekuwa anatafuna bua la kunde kwa bidii.

Sella akamtazama yule mtoto. Hakuwa amefika miaka miwili. Muchiri naye akamtazama, akahesabu, akakohoa.

Annet aliulizwa maswali ya kawaida, akajibu kwa mkato huku akishona. Mumewe hajamwona tangu Ndiuni. Simu hajapokea. Mtoto ni wa Mungu. Muchiri akamwambia kwa upole kwamba Mungu hana kitambulisho, aandike nani? Hapo Annet akasema ni wa mwanamume mmoja wa Kawangware anayeitwa Chege. Alilitoa jina hilo haraka, bila aibu, kama mtu anayesoma tangazo. Muchiri akaandika, na uso wake ukatulia. Mjane amepata mtu. Mambo ya kawaida Nairobi.

Sella alimgeukia Nasike.

"Mama, na kule nyumbani mlishazika mgomba?"

Mikono ya mama ikaendelea na kunde. "Nyinyi watu wa Kakamega mnapenda kuzika sana."

"Hata Bungoma mnazika. Mtu akipotea mwaka, miwili, ukoo unakata mgomba, unalazwa kaburini mahali pake, watu wanalia, wananyolewa, roho yake inatulia. Huu ni wa tatu."

"Walikuja nao," Nasike akasema. "Wazee wa ukoo, na mgomba tayari wameukata, wameufunga shuka kama mtu. Hata bila kuniuliza. Nikashika mpini wa jembe." Akacheka kidogo, bila sauti. "Shemeji yangu bado anachechemea mpaka leo."

Annet aliinama zaidi kwenye cherehani. Mtoto akaanza kulia kwa kunyang'anywa bua, na Nasike akamrusharusha magotini ili anyamaze.

"Kitendawili, Walubengo. Kitendawili."

Mtoto hakuwa na maneno bado, kwa hiyo Sella akamjibia. "Tega."

"Najenga nyumba yangu kuanzia paani nikishuka."

"Mgodi," Sella akasema.

"Si mgodi. Choo cha shimo." Nasike alisema hivyo kwa fahari, kama mama anayetaja cheo cha mwanawe. Kisha mkono wake ukasimama mgongoni mwa mtoto. Cherehani nayo ikanyamaza.

Sella hakuuliza lolote juu ya hilo. Aliomba tu kitabu cha kliniki cha mtoto, ili anakili tarehe ya kuzaliwa. Annet alisita, akakileta. Mtoto anaitwa Walubengo. Baba, Chege. Chanjo zote, moja baada ya nyingine, zilipigwa muhuri wa zahanati ndogo ya Riruta Satellite.

Wakiwa kwenye ngazi Muchiri alifungua maziwa akanywa. Alisema sasa wanaweza kwenda ofisini wakaandike ripoti ya mwisho, mke ameshaolewa kwingine, mambo yameisha.

"Sajini, baba yake Nyongesa aliitwa nani?"

Muchiri hakuhitaji faili. "Walubengo. Marehemu."

"Na kwenu mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la nani?"

"La babu. Baba wa baba."

"Haya. Mamako angempa mtoto wa mwanamume wa nje jina la mume wake aliyeko kaburini, kisha ampakate na kumchezea?"

Muchiri akafikiri mpaka ngazi zikaisha. "Mamangu," akasema, "angemrudisha huyo bibi kwao siku hiyohiyo, na mtoto mgongoni."

"Wametudanganya yote waliyoweza. Baba wamemficha, wamekubali hata majirani wamwite Annet malaya. Lakini jina hawakuweza kulidanganya, kwa sababu jina ni la yule mzee, na mzee anasikia. Huyo mtoto ni wa ukoo." Sella alisimama kupumzisha goti. "Na mama mwenye matumaini tu akiletewa mgomba huwa analia, anaomba wangoje kidogo. Huyu alipiga mtu. Ukimzikia mgomba mtu aliye hai, umemchimbia kaburi. Yeye anajua yuko hai, Muchiri. Si kwamba anatumaini."

"Hiyo hakimu hawezi kuikubali."

"Ndiyo maana tunaenda Riruta."

Waliacha Kibera kwa gari kuukuu la Muchiri. Sella alijaribu kulala njiani, akashindwa. Ni nani Kibera anapanda na kushuka na mtoto mchanga mpaka Riruta, na zahanati ziko karibu na mlango wake? Ni mtu anayelala huko siku nyingine.

Muuguzi wa zahanati aliitwa Valerie, na hakutaka kutoa habari za wagonjwa. Sella hakumlaumu. Hakuomba daftari. Alimwuliza tu kama baba yake yule mtoto Walubengo ni mtu wa kuchimba vyoo.

Valerie akashangaa amejuaje. Akasema ndiye, Chege, mtu mpole, huja kumshika mtoto akidungwa sindano kwa sababu mama yake hawezi kutazama. Daima anasimama karibu na mlango. Alikuwa akichimba kwa Mzee Mbuthia, upande wa Kawangware, na kama wana shida na choo huko kituoni wamtafute, kazi yake ni safi.

Mzee Mbuthia walimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki langoni pa ploti yake, vyumba ishirini na vinne vya mabati alivyovijenga kwenye shamba la babu yake. Muchiri alimsalimia kwa Kikuyu, wakaulizana habari za ng'ombe na mvua kama watu wasio na haraka, kisha akataja Chege. Mzee akacheka mpaka kofia ikamteleza.

"Chege gani? Chege ambaye ukimsalimia kwa Kikuyu, wĩ mwega, anakujibu poa?" Akajipangusa macho. "Mimi sikuuliza. Mtu anataka kuitwa Chege, mwite Chege. Lakini amenimalizia mbao. Kila futi nne anataka mbao za kushikilia ukuta. Nikamwambia hii ni choo, si handaki la vita. Akasema bila mbao hashuki. Halafu anagonga udongo na mpini, anaweka sikio, anangoja. Kama daktari. Sijaona fundi wa vyoo anapima shimo presha."

Sella alimwomba awaonyeshe.

Shimo lilikuwa nyuma kabisa, kati ya ukuta wa mawe na kamba ya nguo za wapangaji. Mti mnene ulikuwa umelazwa juu ya mdomo wake, na kamba imezungushwa kwenye mti ikishuka gizani. Aliyekuwa akivuta ndoo za udongo aliitwa Mukhwana, mtu wa mabega mapana. Alitazama viatu vya Muchiri, vile vyeusi vya kukazwa kamba, akajua. Hakupiga kelele. Aliivuta kamba mara tatu, kwa ghafla, na sururu iliyokuwa ikisikika kutoka chini ikanyamaza.

"Hiyo ni ishara ya mgodini," Sella akamwambia. "Mara tatu ni hatari. Iko kwenye faili langu, ukurasa wa kumi." Mukhwana akaangalia pembeni.

Sella alipiga magoti pembeni mwa shimo. Ilimchukua muda.

"Nyongesa."

Punje za udongo zilianguka mahali fulani chini.

"Naitwa Sella Shivachi. Mimi ndiye niko na faili la Ndiuni."

"Nyongesa alikufa." Sauti ilipanda taratibu, ikiwa nzito na bila hasira. "Uliza kampuni."

"Nimewauliza. Wanasema ulipanda kwenye paa ukawaua wenzako wanne. Kesho saa tatu hakimu ataandika hivyo, na ikishaandikwa haifutiki."

Akangoja. Mtoto fulani alikuwa akiogeshwa kwenye karai mlango wa tatu, akipinga kwa nguvu zake zote. Mzee Mbuthia alikuwa amesimama na mdomo wazi.

"Nikipanda, itakuwaje?" sauti ikauliza.

Sella alikuwa amewadanganya watu wengi katika miaka thelathini ya kazi, wengine kwa faida yao. Leo alikuwa amechoka hata kwa hilo. "Sijui," akasema.

"Afadhali umesema ukweli. Mpishi wa kambi aliona kila kitu. Alienda kituoni kuandikisha ushahidi saa nne asubuhi. Saa kumi jioni kampuni ilikuwa na karatasi yake. Baada ya siku mbili wakamtoa mtoni. Mimi siandikishi kituoni, madam. Mimi huku chini hakuna mtu ameshanifyatulia risasi. Ukitaka maneno yangu, shuka uyachukue."

Kisa cha mpishi kilikuwa ukurasa wa arobaini na moja. Sella alikiamini alipokisoma mara ya kwanza, na hakuwahi kumpata aliyeivujisha ile karatasi, wala karatasi yenyewe.

Muchiri alimkumbusha magoti yake, umri wake, na kwamba lile lilikuwa shimo la choo. Alijitolea kushuka yeye. Sella akamwambia huyo mtu hajamwomba sajini. Alivua viatu akavipanga kando ya ukuta, akaazima leso kwenye kamba ya nguo akaifunga juu ya sketi, akatia kalamu na daftari kifuani. Mukhwana alimtengenezea kitanzi cha kukalia bila kusema neno, na akakikagua mara mbili. Yeye na Muchiri wakamteremsha Sella, mkono baada ya mkono.

Kulikuwa na baridi safi na harufu ya udongo mbichi. Mbao zilipita mbele ya uso wake, duara baada ya duara, kila moja imebanwa na kabari. Hakuna aliyejengewa choo kama hiki Kawangware nzima. Chini kabisa kulikuwa na tochi iliyotundikwa kwenye msumari, na mtu mwembamba mwenye ndevu, amejibana ukutani ili ampe nafasi. Alimsaidia kutoka kwenye kitanzi kwa heshima, akampindulia ndoo akalie.

Sella hakumuuliza yeye ni nani. Alifungua daftari.

"Wote wanne walipigwa kutoka juu kwenda chini. Nani alikuwa juu?"

"Hakuna mtu alikuwa juu."

"Basi?"

"Wao ndio walikuwa chini." Alijifuta uso, akaongeza udongo. "Mgomo wa pili walisema tumewavamia. Mimi nikasema safari hii hakuna atakayesema hivyo. Nikawaambia wote wakae chini, chini kabisa, mikono kwa magoti. Mtu amekaa, nani atampiga risasi? Wakakaa. Zaidi ya watu mia moja na hamsini, kama watoto wa shule. Mimi peke yangu nikasimama, niende niongee na mkubwa wa askari. Alikuwa karibu, hatua tatu, nne. Akaniangalia. Akainua mkono, akaushusha. Waliokuwa mstari wa mbele hawakupata hata nafasi ya kusimama."

"Na stoo?"

"Walichoma wenyewe, mimi nikiwa nimesharuka ua."

Sella aliuliza jina la mkubwa huyo. Akalitaja. Sella akaliandika kwa herufi kubwa na kumrudishia alihakikishe. Kisha akainuka kwenye ndoo, akakaa chini kwenye udongo, mikono magotini, mgongo umeinama kidogo. Akamwambia ashike sururu kama bunduki, asimame pale ambapo askari walisimama.

Hapakuwa na nafasi ya hatua tatu. Nyongesa aliegemea ukuta wa upande wa pili, akaelekeza mpini. Ncha yake ilitua juu ya bega la Sella, karibu na shingo. Ukiufuata mwelekeo wake ndani ya mwili, uliishia kiunoni.

Nyongesa akageuza uso, mpini ukibaki pale pale.

"Weka chini," Sella akasema. Hakuhitaji kuuliza tena.

Akaandika kurasa tano kwenye mwanga wa tochi, akamsomea, Nyongesa akasahihisha mahali pawili, akatia sahihi. Mkono ulijua jina lake bado. Alipomrudishia kalamu hakuiachia mara moja.

"Mimi nilisimama, ndiyo maana niko hai. Wao walinisikiliza. Hiyo mama zao nitawaambia vipi?"

"Utawaambia hivyo hivyo ulivyoniambia."

"Si umeandika? Wasomewe."

"Karatasi haiulizwi maswali, Nyongesa. Wakili wa kampuni ataishika hivi, aseme imeandikwa na mwanamke mmoja ndani ya choo. Hakimu anataka mtu asimame mbele yake." Sella alikuwa anajaribu kuinuka, na Nyongesa akamshika kiwiko. "Kituoni hatupiti. Leo unalala kwangu, Olympic, Muchiri analala mlangoni. Saa tatu tunaingia kwa mlango wa mbele, sisi watatu. Baada ya hapo kila mtu atakuwa amekuona, na kukupoteza itakuwa kazi ngumu kidogo. Zaidi ya hapo sina."

"Na Annet? Na mtoto?"

"Mtoto ana jina la watu. Afadhali awe pia na baba mwenye jina lake."

Nyongesa aliweka sikio ukutani, akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza udongo muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Sella akakaa kwenye kitanzi, akavuta kamba mara moja.

Juu jua lilimchoma macho. Muchiri alimtoa shimoni kwa kumbeba kama mzigo wa viazi na hakuna aliyecheka. Sella akampa daftari alitie ndani ya shati, kisha akakichukua kile kitanzi akakiteremsha mwenyewe, mpaka kamba ikalegea.

Wakangoja. Mzee Mbuthia akauliza choo chake kitamaliziwa na nani. Muchiri alitoa maziwa, akayatazama, akayarudisha. Mukhwana alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, uso ameugeuzia ukuta. Yule mtoto wa karai alikuwa ameshaogeshwa na kuvalishwa, amekaa kizingitini akiwatazama watu wazima wanne waliosimama kuzunguka shimo.

Kisha kamba ikakazika.

"Ni mzito," Muchiri akasema.

"Vuta," Sella akasema, naye akaishika nyuma yake, miguu mitupu.